Kugawanya kwa sifuri: kwa nini hakuna jibu, na mwendokasi unaingiaje hapo

Swali: "Shikamoo mwalimu. Darasani tuliambiwa namba haigawanyiki kwa sifuri, tukaambiwa tukariri hivyo, somo likaendelea. Nilipojaribu kwenye simu ikaandika 'hitilafu'. Rafiki yangu anashikilia kwamba jibu ni infiniti. Kinachonisumbua zaidi ni fizikia. Mwendokasi ni umbali gawanya kwa muda. Dereva akitupia jicho spidometa, ni nukta moja tu ya wakati: muda ni sifuri na gari halijasogea. Mbona mshale unasoma 80? Na nuru je, ambayo nasikia haipitiwi na muda, yenyewe si ingekuwa na sifuri chini kila wakati?"

Marahaba. Hilo la spidometa liliwatoa jasho watu wenye akili pevu kwa zaidi ya miaka elfu mbili, kwa hiyo sitalijibu kwa haraka. Na hatulifikii kabla hatujakubaliana tunasema nini tunapotamka neno "gawanya".

12 gawanya kwa 4 ni 3. Umejuaje? Umejua kwa kuwa 3 mara 4 ni 12, basi. Kugawanya hakujitegemei, ni kuzidisha kulikoulizwa kinyumenyume: namba gani ukiizidisha kwa 4 inakupa 12? Kwa hiyo 12 gawanya kwa 0 inauliza: namba gani ukiizidisha kwa 0 inakupa 12? Jaribu 5, unapata 0. Jaribu milioni, unapata 0. Jaribu nusu, jaribu hasi 7, ni 0 tu. Namba hiyo haipo. Wala haijajificha mahali ikisubiri mtaalamu aje kuifukua siku moja, maana tumekwisha kuzipitia zote kwa mkupuo mmoja: kila namba mara sifuri ni sifuri.

Jambo hilohilo linaonekana kwa njia ya kutoa. Kutoka 12 toa 4, toa 4, toa 4, umemaliza: mara tatu. Sasa toa 0 kutoka 12, uendelee mpaka iishe. Wazee walisema haba na haba hujaza kibaba, na walisema kweli, lakini kibaba kinajaa kwa sababu haba si sifuri. Hata ukitia punje mojamoja, ukiwa na subira utakijaza. Sifuri na sifuri haikijazi hata ukimimina milele.

Kabla ya vikokotoo vya kielektroniki zilikuwepo mashine za hesabu zenye mota na magurudumu ya meno. Ziligawanya kwa namna hii hasa, kwa kutoa tena na tena huku zikihesabu zimetoa mara ngapi. Ukiiagiza mashine ya aina hiyo igawanye 12 kwa 0, magurudumu yanaanza kuzunguka. Kihesabio kinapanda: mara kumi, mara mia, mara elfu. Ile 12 imebaki 12. Mashine inaendelea kunguruma vivyo hivyo, na haitasimama mpaka mtu aikatishe. Sijapata picha inayolieleza jambo hili vizuri kuliko hiyo. Mashine haijaharibika, inatafuta kwa uaminifu wote kitu kisichokuwepo.

Simu yako imefundishwa kutambua mtego huo mapema na kuandika "hitilafu" badala ya kunguruma. Programu isiyofundishwa hivyo inaweza kuleta maafa. Mwezi Septemba 1997 meli ya kivita ya Marekani, USS Yorktown, ilisimama baharini kwa zaidi ya saa mbili baada ya sifuri kuingizwa kwenye kumbukumbu za kompyuta na programu kujaribu kugawanya kwa hiyo sifuri. Mtandao wa kompyuta za meli ulianguka, na mitambo ya kuisukuma ikazimika.

Sasa angalia 0 gawanya kwa 0, maana wengi huichanganya na ile ya kwanza. Tunauliza: namba gani ukiizidisha kwa 0 inakupa 0? Jaribu 5: sawa. Jaribu 7: sawa. Jaribu milioni: sawa. Kila namba inafaa. Ugonjwa hapa ni mwingine kabisa. Kwa 12 gawanya kwa 0 hakuna jibu hata moja. Kwa 0 gawanya kwa 0 majibu ni mengi mno na hakuna linalostahili kuliko jingine. Vitabu huandika neno lilelile kwa yote mawili, "haijafasiliwa", na hapo ndipo wanafunzi wanapopoteza uzi. Ishike tofauti hii, kwa sababu spidometa yako imekaa upande wa pili.

Rafiki yako na infiniti yake si mtu wa kubezwa. Bhaskara, mwanahisabati mkubwa wa India wa karne ya 12, alifikiri karibu kama yeye: namba iliyogawanywa kwa sifuri aliiita kiasi kisicho na mwisho. Kabla yake Mahavira, katika karne ya 9, alisema namba ikigawanywa kwa sifuri hubaki ilivyo. Na mwaka 628 Brahmagupta, aliyekuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuiandikia sifuri kanuni za hesabu, alisema sifuri gawanya kwa sifuri ni sifuri. (Neno letu sifuri limetokana na Kiarabu *sifr*, yaani tupu, nalo Waarabu walikuwa wakifasiri neno la Kihindi lenye maana hiyohiyo.) Hawa walikuwa vinara wa zama zao, na kila mmoja alitoa jibu lake. Kutofautiana kwao ni dalili kwamba hapakuwa na jibu la kugundua.

Hoja ya infiniti inaanza vizuri. 1 gawanya kwa 0.1 ni 10, kwa 0.01 ni 100, kwa 0.001 ni 1,000. Kadiri unavyoikaribia sifuri ndivyo jibu linavyokua bila kikomo. Lakini sifuri ina pande mbili. Ijie kutoka upande wa hasi: 1 gawanya kwa hasi 0.1 ni hasi 10, kwa hasi 0.01 ni hasi 100, kwa hasi 0.001 ni hasi 1,000. Grafu inadidimia chini bila mwisho. Mguu mmoja umepaa juu, mwingine umezama chini, na katikati hakuna daraja la kuiunganisha. Waliotunga kiwango cha hesabu za kompyuta cha IEEE 754, mwaka 1985, walipoamua kuruhusu infiniti kama alama, walilazimika kuweka sifuri mbili, chanya na hasi, ili kompyuta ijue imetokea upande gani. Kwa 0 gawanya kwa 0 hawakuweka hata infiniti. Waliweka alama yenye maana ya "hii si namba".

Tena, ukikubali kwamba 5 gawanya kwa 0 ni infiniti na 7 gawanya kwa 0 ni infiniti hiyohiyo, kisha ukazidisha pande zote kwa 0 ili urudi ulikotoka, 5 imekuwa sawa na 7. Namba zote zimekuwa kitu kimoja na hesabu haina kazi tena.

Kosa hili huingia kimyakimya kwenye madaftari, na nimelisahihisha mara nyingi kuliko jingine lolote. Mwanafunzi amepewa mlinganyo: x mara x ni sawa na 3 mara x. Anagawanya pande zote kwa x, anapata x = 3, anapiga mstari chini na kufunga daftari. Lakini x = 0 nayo ni jibu sahihi! Imepotea wapi? Imepotea alipogawanya kwa x bila kuuliza kama x yenyewe yaweza kuwa sifuri. Hakuona alama ya 0 popote kwenye ukurasa, kwa hiyo hakushtuka.

Tuje kwenye mwendokasi. Anza na hali ya kwanza: umbali upo, muda ni sifuri. Nitakupa fumbo ambalo huwa naliuliza kila mwaka. Safari ni ya kilomita 120. Unataka wastani wa kilomita 60 kwa saa kwa safari nzima. Nusu ya kwanza, kilomita 60, kulikuwa na foleni ukaenda kwa kilomita 30 kwa saa. Nusu ya pili uende kwa mwendo gani?

Darasa zima hujibu 90, kwa kuwa wastani wa 30 na 90 ni 60. Tuhesabu. Kilomita 60 kwa mwendo wa 90 ni dakika 40. Nusu ya kwanza ilikula saa 2. Jumla ni saa 2 na dakika 40, na wastani ni kilomita 45 kwa saa. Haikutosha. Haya, nenda 300 kwa saa: dakika 12, wastani 54.5. Panda ndege ya ajabu iendayo kilomita 6,000 kwa saa: sekunde 36, wastani 59.7. Bado! Rudi mwanzoni uone kilichotokea. Kilomita 120 kwa wastani wa 60 zinataka saa 2 kamili, na saa 2 zote ulizimaliza kwenye foleni. Kilomita 60 zimebaki, muda uliobaki ni sifuri. Mwendo unaotafutwa ni 60 gawanya kwa 0.

Je, ni "mwendo usio na mwisho"? Fikiria maana yake. Kusafiri kilomita 60 kwa muda wa sifuri ni kuwa hapa na kule kwa wakati uleule. Huko si kwenda kasi sana. Huko si kwenda, kwa sababu kwenda kunataka kabla na baada. Kanuni ya mwendokasi inaulizwa swali kuhusu kitu ambacho si mwendo, nayo inakataa kujibu. Naiona ni heshima kubwa ya hisabati kwamba inakataa pale tu ambapo swali lenyewe limeishiwa maana. Vivyo hivyo ukigeuza kanuni, muda ni umbali gawanya kwa mwendokasi: gari lililozimwa, mwendokasi 0, litafika lini kilomita 10 mbele? Halitafika. Hakuna saa ya kuandika, hata ukiwa na saa yenye mishale isiyochoka.

Hali ya pili ndiyo yako: muda sifuri, umbali sifuri. Zeno wa Elea, Mgiriki wa karne ya 5 kabla ya Kristo, aliliweka hivi: mshale ulio hewani, katika nukta moja ya wakati, hausogei, na wakati wote ni mkusanyiko wa nukta, basi mshale hausogei kamwe. Sasa kumbuka Brahmagupta alivyosema 0 gawanya kwa 0 ni 0. Kama angekuwa sahihi, Zeno angeshinda. Kila kitu ulimwenguni, katika kila nukta, kingekuwa na mwendokasi wa 0. Na kama 0 gawanya kwa 0 ingekuwa 5, basi konokono na risasi vyote vingekwenda kwa 5. Kule kuwa na majibu mengi, ambako kulionekana ugonjwa, ndiko kunakoacha nafasi kila mwendo uwe na jibu lake. Kinachotakiwa ni njia ya kulipata jibu hilo bila kugawanya kwa sifuri.

Chukua jiwe ulilolidondosha kutoka juu ya jengo. Tukiacha ukinzani wa hewa, baada ya sekunde t limeshuka mita 4.9 mara t mara t. Sekunde ya kwanza inapotimia, mwendokasi wake ni ngapi wakati huohuo?

Pima kipande kifupi cha muda kinachoanzia hapo. Kutoka sekunde 1 hadi 1.1 jiwe linashuka mita 1.029, gawanya kwa 0.1: mita 10.29 kwa sekunde. Kutoka 1 hadi 1.01: 9.849. Kutoka 1 hadi 1.001: 9.8049. Sasa njoo kwa upande wa nyuma, kama tulivyofanya kwa 1 gawanya kwa sifuri. Kutoka 0.9 hadi 1: mita 9.31 kwa sekunde. Kutoka 0.99 hadi 1: 9.751. Umeona? Mara hii hakuna mguu unaopaa wala unaozama. Pande zote mbili zinakuja kukutana, na zinakutania 9.8.

Aljebra inatuonyesha sababu. Kiite kipande cha muda h. Umbali ndani yake ni 4.9 mara (2h + h mara h). Ukigawanya kwa h, ambayo si sifuri, kwa hiyo ni halali, unabaki na 9.8 + 4.9h. Ile 4.9h ni makosa yanayotokana na kutumia kipande badala ya nukta, na kadiri h inavyopungua ndivyo makosa yanavyonyauka.

Hapo ndipo Newton na Leibniz walipofika katika karne ya 17, na hapo ndipo walipokamatwa. Mwaka 1734 mwanafalsafa George Berkeley aliuliza swali ambalo wewe ungeliuliza: mnapogawanya mnasema h si sifuri, mkimaliza mnasema h ni sifuri, ni ipi kati ya hizo? Alivifananisha viasi hivyo na mizimu ya vitu vilivyokwisha kuondoka. Alikuwa na haki. Majibu ya kalkulasi, yaani hii njia yao ya vipande vidogo, yalikuwa sahihi, lakini msingi ulikuwa na ufa, na ufa ule haukuzibwa mpaka karne ya 19, na wanahisabati Cauchy mnamo 1821 kisha Weierstrass baada yake.

Walichofanya ni kuacha kabisa kusema kwamba h inakuwa sifuri. Badala yake walisema: 9.8 ni kikomo, maana yake ni namba ambayo wastani unaweza kusogezwa karibu nayo kadiri utakavyo. Unataka tofauti iwe chini ya 0.001? Chukua h ndogo kuliko 0.0002, umepata. Unataka chini ya sehemu ya milioni ya mita kwa sekunde? Taja, nami nitakupa h ya kukutosheleza, na haitakuwa sifuri. Namba moja tu inaweza kushinda changamoto za namna hiyo zote, nayo ndiyo tunayoiita mwendokasi wa wakati huo. Hakuna aliyegawanya kwa sifuri popote.

Na gari lako? Kilomita 80 kwa saa ni kama mita 22 kwa sekunde. Katika sehemu ya mia ya sekunde gari limesogea sentimita 22. Katika sehemu ya elfu, sentimita 2.2. Spidometa za kisasa zinahesabu meno ya gurudumu yanayopita mbele ya kihisio na kupima muda kati ya jino na jino. Muda huo ni mfupi lakini upo, kwa hiyo mshale unakusomea wastani wa muda mdogo sana. Spidometa za zamani ndizo zinazonifurahisha zaidi, kwa sababu hazigawanyi kabisa. Waya unaozunguka kutoka kwenye giaboksi unazungusha sumaku ndogo ndani ya kikombe chepesi cha alumini. Sumaku haikigusi kikombe, ila kuzunguka kwake kunaamsha umeme ndani ya alumini, na umeme huo unakikokota kikombe kiifuate sumaku. Springi nyembamba inakizuia. Mshale umefungwa kwenye kikombe, nao unasimama pale nguvu mbili zinapolingana. Sumaku ikizunguka kasi zaidi, mvuto unazidi, mshale unapanda. Kugawanya ni njia yetu ya kuukadiria mwendo kwa karatasi na saa. Gari lina mwendo wake hata kama hakuna anayegawanya.

Imebaki nuru. Mwendokasi wake hauna sifuri chini. Ni mita 299,792,458 kwa sekunde, namba kamili iliyowekwa kwa makubaliano ya kimataifa mwaka 1983 ili kuifasili mita. Kutoka Jua hadi kwetu inachukua dakika 8 na sekunde kama 20, muda halisi kwenye saa halisi. Uliyoyasikia yanatoka mahali pengine. Einstein, mwaka 1905, alionyesha kwamba saa inayokwenda kasi hupimwa ikipiga polepole, kwa kiwango unachokipata ukigawanya 1 kwa kipeuo cha pili cha "1 toa v mara v gawanya kwa c mara c", ambapo v ni mwendo wa saa na c ni wa nuru. Kwa 60% ya mwendo wa nuru kiwango ni 1.25. Kwa 99% ni kama 7. Weka v sawa na c, na chini panakuwa sifuri. Watu husoma hapo kwamba "kwa nuru muda umesimama", lakini ni mtego uleule wa rafiki yako. Kanuni ile inalinganisha saa ya mtu anayesafiri na saa yako, na katika nadharia hiyo hakuna msafiri aliyekaa juu ya nuru akiwa na saa mkononi. Swali halina wa kuulizwa.

Kwa vitu vyenye tungamo, yaani wingi wa maada, sifuri hiyo ina sura nyingine, kwa sababu kiwango hichohicho ndicho kinachokadiria nishati. Mashine kubwa ya CERN, kituo cha utafiti wa fizikia mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, imezisukuma protoni, chembe za ndani ya atomu, hadi takribani 99.999999% ya mwendo wa nuru, na hapo kila protoni hubeba nishati karibu mara 7,000 ya ile iliyo nayo ikiwa imetulia. Unaweza kuongeza 9 nyingine mwishoni, na nyingine tena, kila moja kwa gharama kubwa kuliko iliyotangulia. Kuifikia 100% kamili kungetaka nishati ya 1 gawanya kwa 0, na kiasi hicho umekwisha kukiona kwenye ile mashine ya magurudumu ya meno.